Toleo la Nne Lilivyoingia Nyumbani Kwetu

Alhamisi ya tarehe 16 Agosti 2007, kwenye maonyesho ya Gen Con hapa Indianapolis, kampuni ya Wizards of the Coast ilitangaza kwamba Dungeons & Dragons itapata toleo la nne mwaka unaofuata. Shemeji yangu alikuwa ukumbini. Mke wangu alikuwa jikoni anakaanga samaki. Usiku ulipoisha samaki walikuwa wameungua, ndugu wawili wa tumbo moja hawasemezani, na binti yetu amekaa kwenye ngazi na karatasi ya mhusika wake mapajani, anauliza kama mhusika huyo atakuwepo Jumamosi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: watu huketi mezani, mmoja wao akiwa msimamizi. Msimamizi husimulia mji, msitu, mlango uliofungwa na kinachopumua nyuma yake. Kila mchezaji ana mhusika wake anayemsemea na kumwamulia. Pakiwa na mashaka hurushwa dadu, na dadu kuu ina pande ishirini. Mshindi hakuna. Kisa huendelea wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka, na mhusika hupata makovu, madeni, marafiki na mahasimu. Mchezo ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alikuwa mkazi wa Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, na huko ndiko alikoanzisha Gen Con mwaka 1968. Kanuni zimo vitabuni, na kila baada ya miaka kadhaa vitabu huandikwa upya. Hapo ndipo watu hugombana.

Nyumbani kwetu msimamizi ni mke wangu. Kazaliwa Pangani, kalelewa na bibi hodari wa ngano, na mchezo huu aliukuta chuoni hapa Indiana mwaka 2000, toleo la tatu lilipotoka. Nilipomwona mara ya kwanza akisimamia meza, wanafunzi wenye mitihani kesho yake walikuwa wamegoma kwenda kulala. Tulipooana tulikuwa na sufuria, godoro na vitabu vyake. Mwaka 2003 kampuni ikatoa kanuni zilizorekebishwa, zile watu wanazoziita tatu na nusu, dola 29.95 kila kitabu, ilhali cha kwanza kilikuwa hakijachakaa hata jalada. Alilalamika wiki nzima, kisha akanunua vyote vitatu.

Kufikia mwaka 2007 meza yetu ilikuwa na watu wake wa kudumu. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alicheza mchawi. Jirani, mwalimu wa hesabu aliyezaliwa mitaa hii hii, alicheza nusu elf mwenye upanga. Mwenzangu wa kazini, mtu wa Bukavu, alikuwa kasisi, nami nilikuwa mlinzi wa msafara. Binti yetu, mdogo kuliko wote, alikuwa gnome, wale tunaowaita vibwengo, na fani yake ilikuwa umalenga: anapiga zeze, anaimba, na wimbo wake unawatia wenzake nguvu. Katika toleo lile kibwengo malenga alikuwa kiumbe aliyekamilika, kwa maana kanuni zenyewe ziliutaja umalenga kuwa ndio fani inayowafaa vibwengo zaidi. Mtoto alilisoma hilo mwenyewe na akalibeba kifua mbele.

Sasa turudi kwa samaki.

Shemeji aliingia na beji ya maonyesho bado shingoni. "Dada, wametangaza! Toleo la nne!"

"Nani kawaambia tunalihitaji?" alijibu mke wangu, mgongo ukiwa kwetu.

Shemeji akaeleza alichosikia: mapigano yatakwenda vizuri zaidi, mchawi hataishiwa uchawi baada ya kurusha mara mbili, msimamizi atapunguziwa mzigo wa maandalizi. Akaeleza pia jinsi watangazaji walivyozitania kanuni za zamani, hasa zile za kukabana, ambazo kweli zilikuwa ngumu. Hapo mke wangu akageuka, mwiko mkononi. Miezi michache nyuma tulikuwa tumepata habari kwamba majarida ya Dragon na Dungeon hayatachapishwa tena kwenye karatasi, na Dragon lilikuwepo tangu 1976. Alikuwa bado na uchungu huo. "Kwanza wananinyang'anya jarida," alisema, "halafu wananicheka kwa kucheza walichoniuzia wenyewe?"

Jirani alifika akiwa amekwisha kupata habari. Yeye alisema mchezo unageuzwa mchezo wa kompyuta. Mwenzangu wa Bukavu aliuliza bei. Shemeji akasema watu wazima wanaogopa kusoma kitabu kipya. Dada yake akamwambia aombe radhi. Hakuomba. Moshi ukatufikia sebuleni.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotuumiza, na ninayasema kwa sababu shemeji mwenyewe huyasimulia hadharani. Jumamosi ile mke wangu alikuwa zamu hospitalini, kwani ni muuguzi, nami nilikuwa nimempeleka mtoto maktaba. Shemeji alisimama mbele ya rafu ya vitabu akapiga hesabu. Toleo jipya limetangazwa, kwa hiyo vitabu vya zamani vitashuka thamani kila siku inayopita. Avitoe leo vingali na bei, alipe amana ya vipya vitatu, ampe dada yake zawadi, ugomvi uishe. Alivipanga katika maboksi mawili akavipeleka kwenye duka la vitabu vilivyotumika, akalipwa dola arobaini.

Mke wangu alirudi jioni. Kabla hajaweka mkoba chini aliiona rafu, na mistari safi kwenye vumbi pale vitabu vilipokuwa vimesimama.

"Vitabu viko wapi?"

Shemeji akamkabidhi risiti ya amana, uso umejaa furaha. "Zawadi yako, dada."

"Na ramani?"

"Ramani gani?"

Ramani ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya jalada la nyuma la Dungeon Master's Guide, kitabu cha msimamizi. Mke wangu aliichora kwa kalamu ya bluu, binti yetu akaipaka rangi kwa kalamu za nta. Ilikuwa pwani ya kubuni, ila anayeijua Pangani angeitambua: mto unaoingia baharini taratibu, mji wa mawe upande mmoja na minazi upande wa pili, mikoko, na mbali kidogo kisiwa cha mchanga kinachoonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa, kama Maziwe. Majina yote yalikuwa ya Kiswahili. Kila mahali tulipowahi kupita kwenye kisa palikuwa na alama, na pembeni mtoto alikuwa ameandika kilichotokea: hapa mjomba alianguka kisimani, hapa tulimwacha punda.

Tulikwenda sote, na mtoto nyuma ya gari. Duka lilikuwa linakaribia kufunga. Mzee wa kaunta alikuwa muungwana. Boksi moja lilikuwa bado chini ya meza yake, halijafunguliwa, na vitabu vya lile la pili vilikuwa vimeshapangwa rafuni. Bei ilikuwa mara tatu ya aliyomlipa shemeji. Alitueleza kwamba tangu Alhamisi watu wamekuwa wakiviulizia, wengine wakitafuta nakala ya akiba kabla havijaadimika. Kumbe tangazo lile lile lililomfanya shemeji auze, lilikuwa limewafanya wenzake wanunue. Tulilipa. Kitabu cha msimamizi hakikuwepo. Kilikuwa kimenunuliwa alasiri ile kwa fedha taslimu, na kijana mmoja ambaye mzee alikumbuka kofia yake tu. Shemeji aliandika namba ya simu kwenye karatasi, akaibandika mlangoni kwa ruhusa ya mwenye duka, na njia nzima ya kurudi alikuwa analia. Simu haikulia.

Nilitazamia ghadhabu. Mke wangu alikaa kimya mpaka tukafika nyumbani, akachemsha chai ya tangawizi, akamwekea mdogo wake kikombe cha kwanza. Kisha akasema: "Jumamosi ijayo njooni wote, kila mtu na penseli yake."

Walikuja. Akatandika karatasi kubwa mezani, akasema yeye hatachora hata mstari. Tuichore sisi tunavyoikumbuka. Ilituchukua usiku kucha. Jirani aliweka daraja kaskazini mwa mji. Kasisi wetu akaapa kwamba liko kusini, kwa sababu hapo ndipo alipomzika rafiki yake. Walibishana hadi wakasimama. Binti yetu aliyakumbuka majina ya wauza samaki wote wa sokoni, tena kwa mpangilio wa meza zao, na kisima cha mjomba alikiweka bila kusita. Shemeji alikichora kisiwa, kwa mkono unaotetemeka, na hakuna aliyemsahihisha. Mwishowe daraja likabaki kuwa tatizo. Mke wangu aliwasikiliza wote wawili kama kadhi, akaamua kwamba madaraja ni mawili, la pili limejengwa wakati wa mvua za masika. Mpaka leo yapo mawili.

Hapo ndipo nilipoelewa hasira iliyowashika wachezaji wengi mwaka ule. Wasiocheza walidhani watu wazima wanalilia kanuni na takwimu. Kanuni tulikuwa tunazilalamikia sisi wenyewe kila wiki. Kilichouma ni kwamba ili kuuza kitabu kipya, muuzaji lazima akwambie kile cha zamani kina kasoro, na wewe miaka yako imo ndani ya kile cha zamani. Mtoto alijifunza kujumlisha kwa dadu zile. Ugenini kwetu hapa, Jumamosi zile ndizo zilizotupa watu wa kuwapigia simu usiku wa manane. Anayesimama jukwaani kutania kanuni za kukabana hajui kwamba kuna nyumba ambamo kanuni hizo, pamoja na ugumu wake, ziliwahi kuwachekesha watu wakasahau msiba. Na ninamtetea shemeji pia: furaha yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa kijana, mchawi wake alikuwa anakaa bure nusu ya kila pambano, na mtu amemwahidi kwamba hatakaa bure tena.

Gary Gygax alifariki tarehe 4 Machi 2008, huko huko Lake Geneva. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyetaja namba ya toleo. Mke wangu alisoma dua, jirani akawasha mshumaa kwa desturi ya kwao, tukacheza. Wiki mbili baada ya kifo hicho kampuni ya Paizo, iliyokuwa ikichapisha yale majarida mawili, ikatangaza mchezo wake wa Pathfinder kwa ajili ya waliotaka kuendelea na kanuni za tatu na nusu. Jamii ya wachezaji ikagawanyika wazi wazi, na nyumba yetu ndani yake.

Vitabu vya toleo la nne vilitoka tarehe 6 Juni 2008. Amana ilikuwa imelipwa, basi vikaja. Shemeji aliviweka mezani kwa heshima, na mke wangu, ambaye hajawahi kukataa kusoma kitabu, akavuta kiti. Lakini aliyekifungua kwanza cha wachezaji alikuwa binti yetu. Aliingia moja kwa moja kwenye sura ya jamii za viumbe. Akapekua. Akarudi nyuma. Akapekua tena polepole, kidole kikishuka ukurasa kwa ukurasa: wapo watu-joka, wapo wenye damu ya kishetani, wapo elf wa aina mbili.

"Mjomba, kibwengo wangu yuko wapi?"

Shemeji alikuwa anajua, nadhani, na alikuwa anaiogopa saa hiyo. Vibwengo walikuwa wameachwa nje ya kitabu cha kwanza, pamoja na nusu orc. Kwenye fani, malenga hakuwepo, wala mganga wa msituni, wala mtawa. Kampuni ilikuwa imetoa hata katuni fupi ya kulitania jambo hilo. Akafungua kitabu cha pili. "Yumo humu."

Mtoto akasoma kichwa cha kitabu. Kilikuwa kitabu cha viumbe wa kupigana nao.

"Kwa hiyo sasa mimi ni adui?"

Nimewahi kusikia hoja nyingi dhidi ya toleo la nne, za wataalamu wenye hesabu na majedwali. Sijasikia iliyoizidi hiyo. Shemeji alifunga kitabu, akapiga magoti mbele ya mpwa wake. Nyuma ya kitabu kile cha viumbe kulikuwa na maelezo mafupi ya jinsi ya kumcheza kibwengo, lakini umalenga haukuwepo popote, na kibwengo asiye na zeze hakuwa yule aliyemjua. Mke wangu akatoa hukumu yake: kwenye kisa cha Pangani ya kubuni hakuna atakayeguswa. Toleo jipya litajaribiwa pembeni, kwa kisa kingine na wahusika wengine.

Tulilijaribu kwa haki. Shemeji alisimamia kisa cha Keep on the Shadowfell, kinachoanza kwa kuviziwa njiani na wale viumbe wadogo wanaoitwa kobold. Kanuni mpya zilitaka miraba, kwa hiyo aligeuza karatasi ya kufungia zawadi iliyopigwa mistari upande wa ndani, akaitandaza meza nzima. Sanamu hatukuwa nazo. Maadui wakawa kunde, sisi tukawa maharage, na kila harage lilikuwa na alama ya wino. Mke wangu, akicheza badala ya kusimamia, alichagua kuwa jemadari wa vita. Raundi ya pili harage la kasisi likaanguka. Shemeji akamwambia dada yake kwamba jemadari anaweza kumwinua kwa kumpigia kelele za kumtia moyo, na majeraha yatapungua.

"Kelele haziponyi kidonda," alisema muuguzi wa zamu ya usiku.

Shemeji alieleza kwamba alama zile za uhai hazihesabu damu peke yake, zinahesabu pia moyo na pumzi. Alimsikiliza, akapiga kelele, kasisi akainuka. Lakini sikuona kama aliamini. Pambano lile moja lilienda hadi chai ikapoa, mtoto akala kunde mbili za adui kwa njaa, ikabidi tukubaliane kama wamekufa.

Yapo mema tuliyoyaona, na haki yake lazima isemwe. Kila mtu alikuwa na jambo la kufanya kila zamu yake ikifika. Mchawi wa shemeji hakukaa bure hata mara moja. Mke wangu alipokisoma kitabu cha msimamizi alikiri kwamba kuandaa pambano sasa kunawezekana hata kwa mtu aliyetoka kazini amechoka, jambo ambalo toleo la tatu halikuwahi kumpa. Jirani, aliyeapa hatacheza, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Kasoro kubwa niliyoiona mimi ni kwamba tulitazama miraba zaidi ya tulivyotazamana.

Basi zikawa meza mbili. Jumamosi usiku kisa cha zamani, dada akisimamia. Jumapili alasiri toleo la nne, mdogo mtu akisimamia. Walianza kusemezana sawasawa kupitia hilo, maana msimamizi yeyote anahitaji msimamizi mwenzake wa kumwuliza mambo. Machi 2009 kikatoka kitabu cha pili cha wachezaji, na ndani yake wamo kibwengo na malenga. Shemeji alikinunua siku ile ile, akakiweka juu ya mto wa mpwa wake, kimefunguliwa kwenye ukurasa. Hiyo ndiyo radhi aliyoiomba, na ilipokelewa. Agosti ya mwaka huo mke wangu alikwenda Gen Con akarudi na kitabu cha Pathfinder, kurasa 576, akakiweka kwenye rafu kando ya vya kwake vya zamani.

Toleo la tano lilipotangazwa tarehe 9 Januari 2012 nyumba haikutikisika. Safari hii kampuni iliwaomba wachezaji wajaribu rasimu na watoe maoni kabla ya kuchapisha. Binti yetu, akiwa sasa sekondari, alijaza kila dodoso kwenye meza ile ile, na kila alipopewa nafasi ya kuandika alichotaka, aliandika habari za vibwengo. Kitabu kilipotoka mwaka 2014 kibwengo alikuwemo, na malenga alikuwemo, tangu kitabu cha kwanza. Haikuwa kazi ya mtoto mmoja; sauti zilikuwa nyingi. Ila naamini kuulizwa kabla ndiko kulikoleta tofauti yote kati ya 2007 na 2012.

Mambo yalichafuka tena Januari 2023, rasimu ya leseni mpya ilipovuja, leseni ambayo ingewabana wanaoandika vitabu vyao kwa kanuni hizo. Mwenye hasira kuliko wote nyumbani alikuwa shemeji, yule yule wa risiti ya amana. Wachezaji walifuta malipo yao ya huduma za kampuni kwa wingi, na tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma, ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons. Na vitabu vipya vilipotoka mwaka 2024 bila nusu elf katika orodha ya viumbe, jirani yetu alinipigia simu usiku. Nilimpa mke wangu. Akamwambia aje Jumamosi kama kawaida, mhusika wake yupo.

Ramani ya kwanza hatujaipata. Kama wewe, au mtu unayemfahamu, alinunua kitabu cha msimamizi cha tatu na nusu kwenye duka la vitabu vilivyotumika hapa Indianapolis, Agosti 2007, tafadhali tazama ndani ya jalada la nyuma. Karatasi imekunjwa mara nne. Ina mto, mikoko na kisiwa cha mchanga, na mwandiko wa mtoto kwa Kiswahili. Kitabu baki nacho. Karatasi turudishie, maana tunataka kujua daraja lilikuwa upande gani.